Kiti cha Nyuma Kwenye Jopo la Maprofesa

*Daktari, mimi ni afisa tabibu, mwanamke wa miaka 31, nafanya kazi kituo cha afya mkoani Lindi. Wiki iliyopita mganga mfawidhi aliniita ofisini akanikabidhi barua: nimeteuliwa kuwa mjumbe wa jopo la wataalamu litakalopitia upya mwongozo wa matibabu ya watoto wanaoletwa na homa kali. Siku tano, Morogoro. Kwenye orodha ya wajumbe kuna maprofesa wawili, madaktari bingwa wanane na watu wa wizarani. Afisa tabibu ni mimi peke yangu. Mwenzangu ananicheka: "Dada, hapo umeitiwa posho. Kaa nyuma, kunywa chai, saini, rudi." Kiingereza changu chenyewe ni cha kuandikia rejista.*

*Kuna na jingine linaloniuma. Mwezi jana mama mmoja alinijia juu kwa sababu sikumfungulia mwanawe dripu ya haraka. Alisema mtoto wake wa kwanza, miaka mingi nyuma, alipoletwa na homa ya namna ileile alifunguliwa dripu ikakimbia papo hapo. Nikamjibu kwamba mwongozo umebadilika. Akaniuliza, "Umebadilishwa na nani? Na siku zile walikuwa wapi?" Nilinyamaza. Naomba unisaidie: hawa watu wanabadilishaje mambo haya, na mimi nikakae pale kama nani?*

*Tabibu wa Kiti cha Nyuma, Lindi*



Nianze na yule mama, maana ukishampatia yeye jibu, swali lako la kiti litakuwa limejijibu nusu yake.

Dripu iliyokimbia siku zile haikuwa ubunifu wa mtu wa zamu. Ilikuwa imeandikwa. Mtoto akija na homa kali, mikono na miguu baridi, mapigo ya haraka na dhaifu, ukibonyeza ukucha wekundu unachelewa kurudi, basi mzunguko wake wa damu umezorota; mjaze maji mishipani upesi. Hoja yenyewe inaingia akilini. Pampu imekosa maji, iongezee. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo, na kwa mkono huu nimefungua dripu nyingi nikasimama pembeni nikizitazama kwa kuridhika.

Lakini hoja ile ilizaliwa wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye wodi za wagonjwa mahututi za nchi tajiri. Mwaka 1991 ulichapishwa Marekani utafiti ulionukuliwa kwa miaka mingi baadaye, ulioonyesha kwamba watoto waliopewa maji mengi katika saa ya kwanza walipona zaidi. Walikuwa watoto 34. Mwaka 2002 jopo la mabingwa wa huko likatoa mwongozo wa makubaliano: mtoto mwenye maambukizi makali kwenye damu apewe maji kwa kasi, hata mililita 60 kwa kila kilo ya uzito akihitaji. Kwao mtoto akizidiwa na maji kuna mashine ya kumpumulia, kuna muuguzi wa kumtazama yeye tu. Mazoea hayo yakasafiri mpaka huku. Mashine hazikusafiri.

Kisha ukaja utafiti ulioitwa FEAST. Ulianza Januari 2009 katika hospitali sita: Kilifi kwa Kenya; Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa Uganda; na kwetu Hospitali Teule, Muheza. Uliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto wa Kilifi. Watoto wenye homa kali na mzunguko wa damu uliozorota waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilimiminiwa maji ya chumvi kwa kasi, la pili albumini kwa kasi, la tatu halikumiminiwa chochote. Lilipewa maji ya taratibu ya kawaida, pamoja na dawa na damu kama makundi mengine. Kila mtu alidhani anajua jibu. Ubishi ulikuwa kama albumini itayashinda maji ya chumvi. Lile kundi la tatu, wapo waliohoji kama ni haki hata kuliweka.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu ilisimamisha utafiti kabla haujafikisha watoto 3,600 waliokusudiwa. Walikuwa wameingia 3,141. Kati ya waliomiminiwa albumini, asilimia 10.6 walikuwa wamefariki ndani ya saa 48. Maji ya chumvi, asilimia 10.5. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3.

Soma tena kwa namna ya wodini: kwa kila watoto 100 tuliowafungulia dripu ikakimbia, kama watatu zaidi walikufa kuliko ambavyo wangekufa tungezuia mkono. Na wachunguzi walipochambua vifo vile, wengi hawakufa kwa mapafu kujaa maji kama ilivyohofiwa. Ni moyo na mzunguko wa damu uliosalimu amri.

Hapa nikutahadharishe, maana safu hii inasomwa na watu wengi, na sitaki mtu akatae dripu kwa sababu yangu. Watoto wanaoharisha na kutapika hawakuingizwa katika utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto aliyekaushwa na kuhara anahitaji maji, na anayahitaji leo.

Wazee walisema penye wazee haliharibiki jambo. Hapa palikuwa na wazee, tena wa kila bara, na jambo liliharibika. Na waliolibaini hawakuwa wajanja kuwashinda. Walikubali tu kuhesabu kitu ambacho wenzao waliona hakina haja ya kuhesabiwa.

Sasa tazama kilichofuata, maana ndipo unapoingia wewe. Matokeo yalichapishwa Mei 2011. Ungedhani mwongozo ungebadilika mwezi uliofuata. Haukubadilika. Wengine walisema vipimo vya maabara vilikuwa vichache, wengine kwamba hospitali zile hazina wodi ya mahututi. Kana kwamba hiyo ndiyo kasoro ya utafiti, na si hali halisi ya watoto tunaowatibu. Kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani cha 2013 kilitoka bado kikiwa na dripu ya haraka. Mwaka 2014 madaktari wa Afrika Mashariki, akiwamo Profesa Sarah Kiguli wa Makerere na wenzake wa Kenya na Tanzania, waliandika waziwazi katika jarida la BMJ wakihoji kwa nini takwimu za watoto wetu zimeachwa nje. Ni mwaka 2016 ndipo Shirika lilipotoa maelekezo mapya: mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko umezorota lakini hana dalili zote tatu kwa pamoja asimiminiwe, mwenye zote tatu, yaani baridi ya mikono na miguu, wekundu unaochelewa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya haraka, apewe kwa taratibu, mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60.

Miaka mitano. Linganisha na sindano ya atesunati ya kutibu malaria kali. Utafiti wa nchi tisa za Afrika, watoto 5,425, ulichapishwa mwishoni mwa 2010: waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesunati asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika likawa limeshapendekeza atesunati kwa watoto wenye malaria kali. Faida na hasara zile zinakaribiana kwa ukubwa. Hii ya dripu ilikuwa kubwa zaidi kidogo. Tofauti ni kwamba moja ilimpa daktari kitu kipya cha kushika, na nyingine ilimwambia aache kitu alichozoea kushika. Kumpa mtu dawa ni rahisi. Kumnyang'anya mazoea kunamaanisha akubali kwamba jana alikosea. Kukubali huko kunaumiza, nalijua kwa nafsi yangu.

Kwa hiyo yule mama umwambie kweli. Mwambie waliobadilisha ni jopo la watu waliosoma hesabu za watoto zaidi ya elfu tatu, na wengine kati ya watoto hao walitoka Muheza, Mbale na Kilifi. Siku zile walikuwa wakifuata kilichojulikana, na kilichojulikana kilikuwa kidogo kuliko walivyodhani. Usimwambie "mwongozo umebadilika" ukageuka kuandika. Huo ni mlango wa ofisi, si jibu. Mwambie pia ulichompa mwanawe badala ya dripu, maana mama haoni atesunati ikifanya kazi. Anaona chupa haipo.

Sasa twende Morogoro.

Jopo la siku hizi, likiendeshwa ipasavyo, si baraza la wazee wanaotoa walichonacho kichwani. Lilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2007 watafiti waliandika katika Lancet kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitegemea mno maoni ya wataalamu na likapitia ushahidi kwa nadra. Mwaka huohuo Shirika likaunda kamati ya kukagua kila mwongozo kabla haujatoka. Utaratibu unaotumika sana sasa unaitwa GRADE, na utakutana nao asubuhi ya kwanza. Kwanza linaandikwa swali, na ubishi mwingi wa maana huishia hapo: wagonjwa gani, tiba ipi, ikilinganishwa na nini, tukitazama matokeo gani. Kisha timu ya kiufundi inakusanya tafiti zote na kuupa ushahidi daraja: uhakika mkubwa, wa wastani, mdogo, au mdogo sana. Halafu ndipo wajumbe wanapopima faida, madhara, gharama, kama tiba itakubalika kwa watu na kama inatekelezeka, wakatoa pendekezo la nguvu au la masharti.

Umeiona nafasi yako? Ushahidi utaletwa na timu. Madhara watayajua mabingwa. Lakini neno "inatekelezeka" likifika mezani, kati ya wajumbe wote hao mwenye jibu lisilo la kukisia ni mmoja, na anatoka Lindi.

Nitakusimulia aibu yangu. Miaka mingi iliyopita niliitwa kwenye jopo kama lako, kijana kuliko wote. Mwenyekiti, mtu niliyemheshimu sana, alipendekeza kila mtoto wa aina fulani apimwe kipimo ambacho hospitali yetu haikuwa na mashine yake. Nilijua hatuna. Nilijua na hospitali tano za jirani hazina. Nikatazama kikombe changu cha chai. Likapita, likachapishwa kwa herufi nene. Mwaka mmoja baadaye nilifungua rejista ya wodi ya watoto nikakuta wauguzi wamechora safu mpya kwa rula kwa ajili ya kipimo kile, kwa utiifu kabisa, na chini yake ukurasa mzima, mstari kwa mstari: haipo, haipo, haipo, haipo. Mwandiko wa zamu tatu tofauti. Nilikifunga kitabu kile kama mwizi.

Na nitakusimulia la pili. Kwenye jopo jingine, tulikuwa tumekubaliana vizuri kabisa kwamba mtoto mwenye dripu akaguliwe kila nusu saa. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa hajasema neno tangu Jumatatu, akanyoosha mkono, akauliza, "Saa nane usiku, nani?" Ukumbi ukanyamaza. Akaendelea bila ukali: yuko peke yake, ana watoto arobaini, saa ya ukutani haina betri. Tulirudi nyuma tukaandika upya ukurasa mzima. Maneno yake yalikuwa manne, na nayakumbuka kuliko mihadhara yote ya wiki ile.

Kwa hiyo usiende kushindana na maprofesa kwa tafiti. Nenda na rejista. Pitia watoto wa homa kali wa mwaka mmoja kituoni kwako, ukiomba ruhusa kwa mganga mfawidhi na bila kutoa majina. Wangapi walipimwa uzito? Hili nalitaja kwa makusudi. Tangu 2015 Shirika limeelekeza kwamba mtoto wa chini ya kilo 20 apewe atesunati miligramu 3 kwa kilo, na wa kilo 20 kwenda juu miligramu 2.4. Vizuri. Lakini mizani ikiwa imekwama, au ipo kliniki ya mama na mtoto na chumba kimefungwa tangu saa tisa alasiri, desimali hizo ni mapambo. Jopo likilijua hilo linaweza kuweka jedwali la kukadiria uzito kwa umri kwenye ukurasa uleule wa dozi. Lisipoambiwa, litaandika "pima uzito" na kuendelea mbele. Angalia pia mtoto alikaa muda gani kabla ya kupata damu, siku ngapi oksijeni ilikosekana, na dawa gani kutoka Bohari ya Dawa iliandikwa sifuri. Namba kumi za kweli kutoka Lindi zina uzito kwenye meza ile. Usizipambe.

Kuhusu kusema. Wataalamu wakikusanyika, wa kwanza kusema akiwa mkubwa, wengine humfuata kama mbuzi na kengele. Hilo lilijulikana zamani, ndiyo maana miaka ya 1950 shirika la RAND la Marekani lilibuni njia ya kuuliza wataalamu kwa siri, kila mmoja anaandika maoni yake bila jina, yanajumlishwa, yanarudishwa, wanaandika tena. Waliiita Delphi, jina la mahali ambapo Wagiriki wa kale walikwenda kupigiwa ramli. Sijui kama walikuwa wanatania. Kama jopo lenu litapiga kura kwa namna hiyo, shukuru. Kama sivyo, fanya Delphi yako mwenyewe: kabla mjadala haujaanza, andika kwenye daftari unachodhani na sababu yake. Profesa akimaliza kusema, soma ulichoandika. Ukibadilisha mawazo, iwe ni kwa hoja aliyoitoa, si kwa sauti aliyoitumia.

Na uulize. Swali moja linatosha kukubeba siku tano: "Ushahidi huu ulipatikana kwa watoto wa wapi, wakihudumiwa na nani?" Si la kichokozi, na mjumbe wa jopo anatakiwa aliulize. Mwaka 2020 miongozo ya kimataifa ya maambukizi makali ya damu kwa watoto ilitenganisha nchi zenye wodi za mahututi na zisizo nazo, na kwa zisizo nazo ikapendekeza kwa nguvu kutomimina maji kwa mtoto ambaye shinikizo la damu halijashuka. Hivyo watoto wa Muheza na Soroti waliingia kwenye kitabu cha dunia, baada ya miaka tisa, kwa sababu kuna watu waliendelea kuuliza swali hilo hata walipoonekana wasumbufu.

Kiingereza kisikutie hofu. Omba kusema Kiswahili. Hakuna mtu kwenye ukumbi ule asiyekijua, na nimeona mara nyingi mjadala ukichangamka pale mtu mmoja anapothubutu kuanza. Wakiandika muhtasari kwa Kiingereza, soma sehemu yako kabla hujasaini. "Inafaa" uliyosema wewe isije ikawa imegeuka "lazima".

Watakupa fomu ya mgongano wa maslahi. Usiijaze kwa mzaha. Kama kampuni ya dawa ilikulipia semina, au wakala wao amekuwa akileta chakula cha mchana kituoni, andika. Si kosa, kosa ni kuficha. Na ukiona mwenye maslahi makubwa kuliko wewe ameacha wazi, mwone mwenyekiti faragha wakati wa chai.

Posho ipokee. Umeacha zamu na watoto nyumbani. Mwenzako anachekesha, ila anakosea pale anaposema saini urudi, kwa sababu saini yako ndiyo itakayomwambia afisa tabibu wa Tunduru au Kibondo kwamba mtu kama yeye alikuwepo akaona jambo hili linawezekana.

La mwisho, siku ya tano jioni, wakati kila mtu anatazama saa ya basi, watafika kwenye kipengele cha usambazaji. Hapo kaa macho. Miongozo mingi mizuri nimeikuta ikiwa mipya kabisa ndani ya kabati la mganga mfawidhi, ufunguo umeondoka naye likizo. Waulize karatasi moja ya kubandika ukutani itatoka lini, nani atakuja kuwaelekeza wa zamu ya usiku, na kama Bohari wamepewa orodha ya dawa kabla kitabu hakijachapwa. Omba majibu yaandikwe yakiwa na tarehe.

Beba sweta, kumbi zile zina kiyoyozi cha kugandisha. Na ukirudi uniandikie: nataka kujua jedwali la uzito limeingia ukurasa wa ngapi, na yule mama alisemaje.